Tone Lililoelea

Maziwa yale niliyapigania mimi. Naanza hapo ili asije mtu akasema Januari amejificha nyuma ya wenzake. Mwezi wa tatu mwaka 1974, hapa Shinyanga, katika karakana ya viatu iliyokuwa ndani ya ghala la zamani la pamba karibu na reli, wafanyakazi thelathini na wawili tuliweka nyundo chini siku tatu tukidai maziwa. Siku ya tatu tukayapata, nusu lita kwa kila mtu kila siku ya kazi. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa wafanyakazi, nikabebwa mabegani kutoka ofisi ya meneja mpaka barabarani, na viatu vyangu vikaanguka njiani, na sikujali.

Sababu ya maziwa ilikuwa gundi. Tulitengeneza viatu vya kazi, ngozi juu na mpira chini, vya wachimbaji wa huko Geita na wakulima wa pamba wa hapa kwetu. Gundi ilitufikia nzito kama uji uliolala, ikabidi kuilainisha kwa mafuta meupe yaliyokaa kwenye pipa nyuma kabisa ya ghala. Pipa limeandikwa BENZOL, basi. Hakuna neno jingine, hakuna hata picha ya fuvu. Sisi tuliita "dawa." Ilikuwa na harufu tamu, dawa ile. Ukiinamia kopo asubuhi, saa nne kichwa chepesi, ulimi mwingi, mafundi wa nyuma wanaimba nyimbo za ngoma. Saa kumi kichwa hichohicho kinapasuka.

"Wakubwa wanapanda Benzi," Kalisti alipenda kusema huku akichovya brashi, "sisi tunainusa."

Kalisti alikuwa Msumbwa wa Bukombe na rafiki yangu tangu tulipopanga chumba kimoja mwaka 1966. Hapakuwa na fundi gundi kama yeye. Soli aliyoibandika Kalisti ungeichana ngozi kabla haijabanduka. Kiti chake kilikuwa cha mwisho kabisa nyuma, hatua moja kutoka kwenye pipa, na kabla yake kilikuwa cha mzee Ngassa. Mzee Ngassa alitokwa damu za pua wiki nzima mwaka 1972, akaenda kwao, hakurudi. Tulimzika tukasema yale ambayo watu husema mtu akifa hivyo. Mimi nilitamka jina la jirani yake. Nakumbuka nililitamka. Jirani yule hakumfanya lolote.

Kukaa nyuma kulikuwa cheo, lazima hili lieleweke. Anayeanza kazi aliwekwa mlangoni, kwenye jua na vumbi na kelele za treni, ashone kamba na kupiga rangi. Akikomaa anasogezwa ndani. Aliyefika kwenye pipa amefika. Wanawake wetu wawili, Mama Otmar na Paskalia, walikuwa na miaka sita mlangoni, na hakuna aliyewahi kupendekeza wasogee. Hata mimi niliyekuwa nahubiri usawa kila Jumamosi sikupendekeza.

Na madirisha yalifungwa. Mtu asiyeijua Shinyanga ya mwezi wa saba hawezi kuelewa. Upepo ukianza, mnamo saa nne, vumbi linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa kufuli. Vumbi likigusa gundi mbichi, soli haishiki, na viatu vinarudishwa na matusi. Kwa hiyo meneja, Ndugu Donatus, alipokubali habari ya maziwa, aliongeza mstari mmoja chini ya karatasi: wafanyakazi wanakubali madirisha yote ya karakana yabaki yamefungwa. Nikaona ni kitu kidogo. Kusoma nilijifunza mwenyewe ukubwani, kwa magazeti yaliyofungiwa vitumbua, na saini yangu niliipenda kuliko shati langu la Krismasi. Nikatia saini.

Mkutano wa kuipitisha karatasi ile tuliufanya uani. Watu wakapiga makofi. Mama Otmar akanyoosha mkono. Jina lake la ubatizo ni Febronia, mwembamba kama fito, Msukuma wa hapahapa, na hakuwa mtu wa mikutano.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Uliza, Mama Otmar."

"Maziwa yanaingia tumboni. Ile harufu inaingia puani. Sasa wanakutana wapi hawa?"

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Wanakutana kwenye kitovu!" Wakacheka zaidi.

"Maziwa yanaua sumu," nikamjibu. "Hata ng'ombe akila jani baya ananyweshwa maziwa. Wewe ni Msukuma, hujui ng'ombe?"

"Ng'ombe amekula hilo jani. Hakulinusa."

"Mama Otmar, wewe unakaa mlangoni," nikasema, na nilisema kwa sauti ya kuchekesha watu, "habari za gundi waachie wenye gundi."

Akakaa. Paskalia akamnong'oneza kitu wakatabasamu wote wawili. Mimi nikaendelea na ajenda.

Mwaka mzima tukanywa. Maziwa yalikuja kwa baiskeli toka upande wa Ibadakuli, ndani ya madebe yaliyozibwa kwa majani, na saa nne kamili tulipanga foleni na vikombe vyetu. Wengine walikunywa nusu, nusu wakawapelekea watoto. Kalisti alikunywa yake yote, akajipangusa mdomo na kusema, "Haya, sumu, njoo sasa." Halafu anainamia kopo.

Mwezi wa nane 1975 alianza kuhema akipanda ngazi tatu za ofisi. Nikamtania kuwa anazeeka. Kisha nikaona alama kwenye mikono yake, madoa ya zambarau kama mtu aliyepigwa, na hakuna aliyempiga. Asubuhi moja aling'ata kipande cha muhogo, muhogo ukatoka mdomoni na damu. Akautazama, akautupa uani, akarudi kitini. Jioni yake alianguka. Aliangukia pipa, na mlio wa lile pipa ninao masikioni mpaka leo.

Tulimpeleka hospitali ya misheni kwa gari la kubebea pamba. Walidhani ni safura, wakampima choo, hakuna minyoo. Wakadhani malaria, hakuna malaria. Siku ya pili daktari akatuambia wazi: damu yake imekwisha kama maji ya kisima cha kiangazi, na asipoongezwa nyingine hatafika Jumapili. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Jamani, damu tunayo," nikasema. Nilifurahi, kusema kweli. Hapo palikuwa na kitu cha kufanya, na mimi ni mtu wa kukusanya watu. Ijumaa asubuhi nilifika hospitali na mafundi sita wa nyuma, wanaume wenye vifua, marafiki wa Kalisti wote. Mama Otmar na Paskalia walitufuata kwa miguu. Hakuna aliyewaita.

Chumba cha kupimia damu kilikuwa na mtu mmoja, Bi Scolastika, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma. Mezani pake palikuwa na hadubini, na gilasi ndefu yenye maji ya buluu.

"Mnatoka wapi nyie wote?"

"Karakana ya viatu. Tumekuja kumtolea damu Kalisti."

"Mungu awabariki. Nani wa kwanza?"

Nikakaa. Akanichoma kidole, akakinga tone, akaliachia juu ya yale maji ya buluu. "Haya ni maji ya mrututu," akasema. "Damu nzuri ni nzito, inazama. Ikizama, ninakulaza pale nakutoa chupa moja."

Tone langu halikuzama. Lilishuka urefu wa kucha, likasimama, likapanda tena juu, likaelea kama jani.

"Rudia," nikamwambia. "Umekosea."

Akarudia. Likaelea.

"Baba, damu yako haitoshi hata kwako. Inuka. Nani mwingine?"

Wa pili likaelea. Wa tatu likaelea. Wa nne alikuwa mbeba magunia zamani, shingo kama ya fahali, akacheka kabla hajakaa. Likaelea, akaacha kucheka. Wa tano. Wa sita. Wa saba. Bi Scolastika alikuwa ameacha kusema "nani mwingine," alikuwa anatutazama tu juu ya miwani. Na mimi, wallahi, ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu Kalisti alikuwa chumba cha pili na nilikuwa nimemuahidi mkewe.

"Tujaribu sisi," Mama Otmar akasema kutoka mlangoni. Hata pale alikuwa amesimama mlangoni.

Bi Scolastika akamtazama ule wembamba wake, akasita. "Mama, wewe..."

"Choma tu, mwanangu. Kidole ni changu."

Tone la Mama Otmar liligusa maji likaenda chini moja kwa moja, mpaka kwenye kitako cha gilasi, likatulia pale. La Paskalia likafuata njia ileile. Na kundi la damu, kwa rehema za Mungu, likakubaliana na la Kalisti kwa wote wawili. Alhamisi daktari alisema hatafika Jumapili. Jumapili Kalisti aliomba chai.

Lakini sijamaliza Ijumaa. Wale wanawake walipokuwa wamelala wakitolewa damu, Bi Scolastika alivuta karatasi akaigeuza upande mtupu, akanipa kalamu.

"Nichoree mnavyokaa huko kazini."

Nikachora. Mlango, madirisha, viti, pipa. Akaniuliza pipa lina nini, nikamwambia limeandikwa BENZOL, na nikamtamkia herufi moja moja maana nilijivunia kuzijua. Akaitoa kalamu mkononi mwangu, akaiweka mezani polepole.

"Tulipokuwa masomoni," akasema, "mwalimu wetu alitusomesha habari za mafundi viatu wa Ulaya. Gundi kama yenu. Mtu analala mzima, anaamka anatokwa damu kwenye fizi. Baba, unajua damu inapikwa wapi?"

"Moyoni."

"Inapikwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Ule mvuke unaouvuta unaingia mapafuni, unaingia kwenye damu, unashuka mpaka kwenye uboho na kuzima jiko. Moto unakufa polepole, hausikii kitu. Siku unaposikia, jivu tu."

"Tunakunywa maziwa," nikasema. Nilisema kama mtoto.

"Maziwa ni mazuri. Yanajenga mwili. Hayafiki huko." Akagonga ile karatasi kwa kidole, penye yale madirisha. "Hapa pana nini?"

"Yamefungwa."

"Nani kayafunga?"

Nasema ukweli: nilitaka kujibu meneja. Jina la Donatus lilikuwa ulimini. Nikatazama upande wa pili, nikamwona Mama Otmar amelala, damu yake inateremka kwenye mpira mwekundu kuingia kwenye chupa, amefumba macho.

"Mimi," nikasema.

Jumatatu nilikwenda kwa Ndugu Donatus. Ofisi yake ilikuwa ndani ya ghala hilohilo, kijumba cha mbao kilichogusana na stoo ya mapipa, na kioo cha kutuangalia tunavyofanya kazi. Nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, halafu akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi yetu.

"Saini hii ni ya nani, Ndugu Januari?"

"Yangu."

"Basi. Mlitaka maziwa, mkapata maziwa. Madirisha tulielewana. Viatu vikirudishwa kwa vumbi nitawajibu nini wizarani? Kwamba mwenyekiti kabadili mawazo? Na huyo mpima damu wa kijijini, ni daktari?"

Nikarudi kwa wenzangu, na huko ndiko nilikokutana na kibarua chenyewe. Mimi nilidhani watawaka moto. Waliogopa maziwa yasichukuliwe. "Ukigusa dirisha, karatasi yote inavunjika," wakasema, "watoto wangu wanakunywa nini?" Mmoja akaniambia Kalisti ana adui zake huko Bukombe, kila mtu anajua. Maneno yangu yale ya kwa mzee Ngassa yalikuwa yamenirudia kwa mdomo wa mwingine.

Nilimwandikia Bi Scolastika barua mistari minne. Sikutegemea jibu. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alishuka kwenye basi na kapu, na ndani ya kapu ile gilasi imefungwa kwa kanga, na chupa ya maji ya mrututu. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyempa hata nauli. Wizara nzima, na wale waliotuletea mapipa bila neno, na sisi viongozi wenye sauti, na aliyekuja ni mama mmoja na kapu.

"Mwangaluka, baba zangu," akasalimia kwa Kisukuma, akaomba meza. "Sina hotuba. Nipeni vidole."

Watu walisogea kwa aibu, kisha kwa ubishi, kisha wakaanza kusukumana wapate kuona. Waliokaa karibu na pipa, yakaelea. Safu ya kati, moja lilizama, jingine likaning'inia katikati kama limechoka. Wa mlangoni, yakazama yote. Ilikuwa kama mtu kachora mstari sakafuni. Hakuna aliyetaja tena maadui wa Bukombe.

Ndugu Donatus akatoka ofisini. "Kuna nini hapa? Huu ni uganga au?"

"Karibu, bosi," Mama Otmar akasema. "Kidole tu. Au wakubwa wana damu ya peke yao?"

Watu wakaguna kwa kicheko. Hakuweza kukataa mbele ya watu thelathini. Akampa Bi Scolastika kidole, uso kaugeuzia ukutani kama anayechanjwa. Tone likadondoka. Likashuka kidogo. Likasimama. Likapanda.

Alilitazama muda mrefu. Miaka minne alikuwa amekaa ameegemea ukuta wa stoo ile, ubao mmoja kati yake na mapipa kumi. Akatoa kitambaa akajifuta kidole, akajifuta tena hata damu ilipokuwa imekwisha.

"Januari," akasema, "nyundo ziko wapi?"

Nimekuwa na hasira na neno hilo miaka kumi na moja. Damu yetu ilipoelea aliuliza saini, ya kwake ilipoelea akauliza nyundo. Sijamsamehe na sidhani nitamsamehe. Lakini aliuliza, na sikungoja aulize mara ya pili.

Nilikwenda kwanza kwa Mama Otmar. "Mama Otmar, siku ile ya mkutano..."

"Ndugu Mwenyekiti, utaniomba radhi baadaye. Shika upande huo."

Tukang'oa dirisha la kwanza pamoja, mimi na yeye, na fremu yake. Upepo ukaingia na vumbi lake lote, na watu wakapiga kelele za furaha kama mvua imenyesha. Pipa tulilitoa nje siku hiyohiyo, chini ya kibanda cha nyasi kisicho na ukuta. Na lile tatizo la vumbi lililotufunga miaka yote lilimalizwa na Paskalia kwa sentensi moja: "Si mbandike alfajiri, kabla upepo haujaamka?" Basi. Kuanzia hapo tulibandika soli toka saa kumi na mbili mpaka saa tatu unusu, nje, na upepo ulipoamka tukaingia ndani kushona. Viatu havikurudishwa. Na maziwa hakuna aliyethubutu kuyagusa. Tuliendelea kuyanywa kama maziwa.

Bi Scolastika alitupima kila baada ya miezi mitatu. Matone yalianza kushuka kidogo kidogo, siku moja la kwangu likafika chini, nikamkumbatia mbele za watu akanipiga kofi la bega. Ya wawili kati yetu hayakushuka. Tukawazika mwaka uliofuata, na safari hii sikutamka jina la jirani yeyote. Nilitamka jina lililoandikwa kwenye pipa, kaburini, kwa sauti, mpaka katekista akaniashiria ninyamaze.

Kalisti alikaa hospitali mpaka pamba mpya inapandwa. Hakurudi kwenye gundi. Alikwenda kwao Bukombe kufuga nyuki, na hewa ya msituni ikamfaa. Madoa yakaisha, pumzi ikarudi, akapata na mtoto wa tano. Kila mwaka baada ya kurina hupanda basi, hupitia Kahama, hushuka hapa Shinyanga na madebe mawili ya asali. Hapiti kwangu kwanza. Anakwenda kwa Mama Otmar, kisha kwa Paskalia, anapiga magoti yote mawili, mtu mzima mwenye mvi.

"Wabeja, mama," anasema, maana amejifunza kushukuru kwa lugha yao. "Mimi sasa si Msumbwa kamili. Nina chupa mbili za Usukuma mwilini, ndiyo maana napenda ng'ombe."

"Na deni la ng'ombe unalo," Mama Otmar humjibu. "Asali hailimi."

Mwaka huu, 1986, Kalisti na Paskalia walinikuta nami hapo barazani kwa Mama Otmar. Niliomba radhi niliyoahirishiwa ile Jumamosi. Nilikuwa nimeiandika, kurasa mbili, nikaisoma nimesimama. Mama Otmar alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akaingia ndani akatoka na vikombe vinne, akatumiminia maziwa, akachota asali ya Kalisti akaikoroga ndani ya kikombe changu.

"Kunywa," akasema. "Haya ni ya tumboni."

Nikanywa yote. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi, madirisha yake wazi, na upepo wa saa nne ndio kwanza unaanza.